Mnyonya Damu Kwenye Rafu ya Uchawi

Mzee wa maktaba aliponipokonya kitabu na kusema, "Mama anayenyonyesha simpi hiki," uvumilivu ukaniishia palepale. Mtoto alikuwa amelala mgongoni. Nyuma yangu wanafunzi wawili wa kike walikuwa wanasubiri zamu yao, macho yamewatoka.

Mtunza maktaba wa kata yetu ni wa rika la baba yangu, na shikamoo yake nilikuwa nimempa vizuri tu nilipoingia. Kitabu chenyewe ni riwaya ya zamani ya Ulaya: bwana mkubwa mwenye ngome milimani, mchana analala kwenye jeneza, usiku anakunywa damu za watu. Mimi nimerudia masomo, nasubiri mtihani wa kidato cha sita kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mwalimu wa tuisheni ametupa swali: riwaya hii ni ya aina gani, thibitisha. Nakala iko moja. Nimeitafuta rafu nzima ya riwaya, kumbe wameibana kwenye "Uchawi na Mizimu", ubavuni mwa vitabu vya kufukuza mapepo!

"Baba, hii ni hadithi ya kubuni," nikamwambia.

"Binti, mumiani ni wa kubuni? Kawaulize madereva wa malori pale Shelui."

"Niwaulize nini, nani kanyonywa?"

Wale wasichana wakacheka. Mzee akawaka. "Mkweo anajua unachosoma na kichanga mgongoni? Damu ya mtoto ni nyepesi, inaita vitu."

"Mbona ngano za zimwi umeziweka rafu ya watoto? Yeye anakula watu kwa adabu?"

"Zile kila mtu anajua ni ngano. Hiki nimekifungua mwenyewe. Barua, shajara, tarehe kila ukurasa. Nani anaweka tarehe kwenye uongo?"

Hapo ndipo nilipojua amenaswa. Zile tarehe ndizo mtego wenyewe! Kwenye ngano zimwi akitokea hakuna anayeshangaa. Humu kwenye riwaya kuna treni, kuna daktari, watu wa kawaida kama sisi, halafu jambo lisilowezekana linaingia na wao wenyewe hawaamini. Hiyo ndiyo fantasia. Na ngome kuukuu, makaburi, uovu wa ukoo wa kale unaorudi kutesa walio hai, huo ni Ugothi mtupu. Nilimweleza hivyo, kwa sauti ambayo sitaiombea radhi. Akafungia kitabu kabatini, akaniambia nikanyonyeshe.

Nikanyonyeshe! Kana kwamba titi linaziba macho. Mwanamume angekiazima bila kuulizwa kama mkwewe anajua.

Sikwenda nyumbani. Nilinunua karatasi dukani, nikaandikia juu ya goti, nikapeleka kwa mtendaji wa kata, na sikuondoka mpaka ikagongwa muhuri:

"Nalalamika kwamba nimenyimwa kitabu kwa sababu nanyonyesha, sharti ambalo halimo kwenye kanuni zilizobandikwa mlangoni mwa maktaba. Naomba kitabu hicho kitolewe rafu ya uchawi, kiwekwe rafu ya riwaya na kuandikwa kilivyo: riwaya ya Kigothi, tawi la fasihi ya kifantasia. Naomba pia nikiazime kabla ya mtihani. Kuhusu usalama wa mtoto, mama yake ni mimi, na maktaba haikuulizwa."