Githeri Iliyoficha Nyongo

Andika, Wambui, wala usinipunguzie aibu, maana aliyeumia ni wewe.

Mjukuu wangu huyu alikuwa akisomea kupiga skeni ya tumbo. Siku ya mtihani, chuoni mjini, alihitaji mtu wa kulala kitandani, nikajitolea. Akishindwa, angerudia mwaka. Alinisihi nisile chochote, ili mfuko wa nyongo ujae na uonekane vizuri. Nilikubali. Lakini asubuhi, kwangu Riruta, nikawaza: wageni watatazama ndani ya tumbo langu, walikute tupu, waseme kwetu kuna njaa? Nikala githeri na avokado, nikateremsha kwa chai ya maziwa, nikapangusa mdomo.

Wambui alinipaka mafuta baridi, akamwonyesha mwalimu ini, kisha figo. Nyongo ikakosekana. Alitafuta juu, akatafuta chini, akarudia.

“Labda alitolewa kwa upasuaji,” akanong'ona.

“Sijapasuliwa na mtu!” nikafoka.

Mwalimu akaniinamia. “Shosho, si umekula?”

“Mimi ni mama wa kanisa. Nimefunga tangu jana.”

Akanigeuzia skrini. “Hii tumbo imejaa, shosho. Na mtu akila chakula cha mafuta, nyongo hujiminya. Ulikula nini?”

Mimi, ninayewachapa wajukuu kwa uongo mdogo kuliko huo, nilimwona Wambui akifuta machozi kwa kiwiko, nikaketi.

“Mwalimu, mpe mtoto alama zake. Nyongo nimeificha mimi, kwa githeri.” Nikapangusa mdomo tena. “Na avokado nzima.”