Chumvi Katika Ardhi ya Mama Mkwe

Kabla ya kuwa mkulima alikuwa kinyozi, na ulimi wa kinyozi hakuuacha saluni. Pilipili hoho zake za msimu wa kwanza zilipotoka nono, nyekundu kwa njano, mtaa mzima ulisikia. Watu wakambandika jina la Bwana Hoho, likamkaa, akalipenda.

Alichosahau kusema ni kwamba ardhi ile ilikuwa ya mama mkwe wake. Mjane yule alikuwa ameilisha samadi na majani makavu miaka nenda miaka rudi, mpaka udongo ukawa mweusi tititi, laini hata kidole kinazama. Mkwe alipoomba kusimamisha hapo banda lake la nailoni la kukuzia hoho, mama alimjibu, "Ardhi ndiyo hiyo, baba. Itunze tu."

Msimu wa pili kinyozi akaingia na mbolea ya dukani, ile ya chumvichumvi, akaiyeyusha pipani na kuishusha kwa mipira ya kumwagilia kwa matone. Kama kidogo kinazaa, kingi si kitazaa zaidi? Ncha za majani zilipoanza kuungua, akasema mimea ina njaa, akaongeza. Ikadumaa, akaongeza tena. Juu ya udongo ukatanda ukoko mweupe kama unga uliomwagika. Hoho zikatoka vijidude vilivyojikunyata, vitako vimeoza.

Majirani walikuja kuchungulia, naye hakukosa la kusema.

"Samadi ya mama ndiyo iliyoniponza. Uchafu ule umeniletea ugonjwa bandani."

Mama mwenyewe alikuwa ndiyo kwanza anakata kona, karai la samadi kichwani. Alisikia neno kwa neno. Aligeuka na karai lake, akarudi alikotoka.

Mkewe alichachamaa. "Umemsema mama yangu mbele za watu. Una hakika lakini?"

"Mkulima hapa ni nani?"

Mke alikwenda kumwita bibi shamba, na kwa kuwa ardhi ni ya mama, akamleta na mama. Bibi shamba alichota udongo, akaukoroga na maji, akatumbukiza kipimo chake, kisha akauliza mbolea inawekwa kiasi gani. Kinyozi alipotaja, alitikisa kichwa.

"Mimea hii haina njaa, bwana. Imevimbiwa. Mizizi inakunywa maji ya chumvi, na chumvi haikati kiu. Humu mvua hainyeshi ikaiosha ardhi, kwa hiyo kila unachozidisha kinabaki."

"Na samadi?" mke akauliza.

"Samadi iliyooza vizuri hivi? Hiyo ndiyo iliyowabeba msimu wa kwanza."

Kinyozi alitamani ardhi ipasuke immeze. Mama aliinama, akaupapasa ule ukoko mweupe, akajifuta vidole, akaondoka. Angemtukana ingekuwa nafuu.

Tangu hapo kinyozi akawa anapita vichochoroni kumkwepa mama. Siku moja walikaribia kugongana, akajitosa kwenye duka la vifaa vya ushonaji, akatoka na pakiti ya sindano.

"Utanunua sindano mpaka lini?" mkewe akamuuliza.

Asubuhi moja alijikaza, akamkuta mama mlangoni anasugua masufuria. "Mama, nimekosa. Nimeiharibu ardhi yako, halafu nikakusingizia."

Mama hakuacha kusugua. "Kunisema ulinisema mbele za watu, baba. Radhi unakuja kuniomba peke yako?"

Jioni ile kinyozi alisimama palepale kwenye lango la banda, akawaita majirani, akasema yote: chumvi ni yake, samadi haikuwa na kosa, uongo ni wake. Ulimi ule mwepesi ulikuwa mzito kama gogo. Mmoja alicheka, wengine walitazama chini kwa kumwonea aibu, na hilo lilimuuma zaidi.

Mvua zilipokaribia aliifunua nailoni, akachimba mifereji, akaiacha ardhi ioshwe. Bibi shamba alipoipima tena na kuridhika, mama alikuja kusimama kando.

"Samadi iko zizini," alisema. "Karai unalijua."

Kinyozi alilibeba mwenyewe, mchana kweupe, watu wakimwona. Mbolea ya dukani akaitia kwa kipimo alichoelekezwa. Msimu uliofuata hoho zilikuwa za wastani, lakini nzima. Za kwanza alimpelekea mama kwa mikono miwili.

"Karibu ndani," mama akasema.

Akaketi ukingoni mwa kiti, akajibu kila alichoulizwa, ila kwa aibu macho hakuyainua.