Miaka Mitano ya Mama Nakala

Walimwita Mama Nakala kwa sababu ya mashine yake ya kutoa nakala, ingawa sifa yake hasa ilikuwa nyingine: hakuna karatasi iliyopita mikononi mwake bila kusomwa. Si umbea, alijitetea, ni macho tu hayana breki. Kwa miaka kumi na mmoja, katika kichumba kinachonuka wino, alichapa barua za wanaotafuta kazi na matangazo ya wanaotafuta wafanyakazi, na swali moja halikumpa amani. Hawa watu mbona hawakutani?

Sasa swali lilikuwa limehamia nyumbani kwake. Mdogo wake, mshonaji aliyehitimu vizuri tu, alikuwa na miezi minane analala sebuleni, na alikwisha kuapa kwamba Jumamosi anauza cherehani yake na kuachana na fani. Mama Nakala aliumia kila alipoifikiria cherehani ile.

Alhamisi akaingia fundi wa sare za shule, amenuna.

"Nitolee tena lile tangazo. Mara ya nne hii. Watu wa siku hizi hawataki kazi."

"Hajaja hata mmoja?"

"Hata wa kuuliza njia."

Udadisi ukamwasha. "Samahani kaka, hivi unataka mtu wa namna gani hasa?"

"Anayejua kukalia cherehani, na asiyechelewa. Basi."

"Na hii miaka mitano ya uzoefu?"

"Miaka gani?"

Akamgeuzia kompyuta. Fundi akavaa miwani, akasoma, akakuna kidevu. "Mimi nilidhani ndivyo sheria inavyotaka. Si wewe dada uliyeandika?"

Kweli, ni yeye. Mwaka wake wa kwanza alichapa tangazo la mhasibu mkuu wa kampuni fulani, likampendeza kwa usomi wake, akalihifadhi. Tangu hapo kila mteja alibadilishiwa jina la kazi na namba ya simu tu. Akafungua matangazo ya zamani. Mpishi, miaka mitano. Dobi, miaka mitano. Mfagiaji, miaka mitano, na awe na uwezo wa kufanya kazi chini ya shinikizo. Angecheka kama yangekuwa ya mtu mwingine. Hili la sare alilichapa mara tatu bila kumtajia mdogo wake, maana miaka hiyo mdogo wake hana.

Akampigia palepale, fundi bado amesimama.

"Lile la sare?" mdogo wake akasema. "Limebandikwa kituoni, dada, nalipita kila siku. Nimelisoma mpaka nimelikariri. Mtu kama mimi hawamchukui, wanataka miaka mitano."

"Hakuna anayetaka miaka mitano."

"Sasa nani kaandika?"

Simu ile ilikuwa na sauti kubwa, na fundi akaanza kukagua viatu vyake.

"Mimi," alisema Mama Nakala. "Usiuze hiyo cherehani. Vaa uje."