Gini ya Hester

Jabez Fazakerley wa Prescot alitengeneza mawe ya mizani maisha yake yote: vipande vya shaba vidogo kama vifungo vya shati, vya kupimia gini, sarafu za dhahabu. Alisugua kwa tupa, akapima, akasugua tena. Mtu mkaidi, lakini mji mzima uliamini mawe yake.

Ijumaa hiyo aliitwa kwa hakimu akapime. Mpwa wake Edmund alilewa sokoni, akapokea shilingi ya mfalme kwa sajenti, na ukishaipokea wewe ni askari. Sheria ilimpa siku nne ajikomboe: arudishe ile shilingi na nyingine ishirini juu yake. Muda ulikuwa unaisha saa sita mchana, na kikosi kilikuwa kinakwenda Amerika.

Hester, mama yake Edmund na dada yake Jabez, aliweka mezani gini aliyoachiwa na marehemu mumewe. Shilingi ishirini na moja kamili.

"Pima, kaka, nimrudishe huyu mjinga nyumbani."

Jabez aliweka gini huku, jiwe lake kule. Jiwe likashuka. Akapuliza vumbi, akarudia. Likashuka.

"Mizani yako imezeeka kama wewe," Hester alimtania.

"Dada, unaisafishia nini?"

"Jivu. Kila Jumapili kabla ya kanisa. Marehemu alipenda ing'ae."

Jivu, jamani! Miaka ishirini Jabez ameiona iking'aa nyumbani kwa dada yake, akaisifu, yeye anayejua madini yanavyolika.

"Imepungua?" hakimu akauliza.

"Mjomba, sema haijapungua," Edmund, aliyesimama kando ya sajenti, akanong'ona.

Alitamani kusema hivyo. Lakini mizani ilikuwa mbele ya macho ya wote.

"Kwa uzito wa punje tatu, mheshimiwa."

Karani akachukua mkasi, akaikata gini vipande viwili. Ndivyo sheria ilivyotaka kwa gini pungufu, na ukiniuliza mimi, aliyeitunga hakuwa na dada. Sasa haikuwa fedha tena, ilikuwa dhahabu ya kumpelekea sonara Liverpool, mwendo wa saa tatu. Jabez akapekua mifuko: peni nane, hazifiki hata shilingi. Majirani nao walikuwa wakisubiri mshahara wa Jumamosi.

"Chukueni mizani yangu," akasihi.

"Nikapimie nini, mzee?" sajenti akacheka.

Kengele ya kanisa ikagonga saa sita. Edmund akatolewa nje huku akimwita mama yake.

Hester aliokota vile vipande, akaanza kuvisugua kwa aproni.

"Usisugue, dada," Jabez alisema. Miaka ishirini, ndiyo kwanza anamwambia.