Runinga Iliyokula Uwele

Mwaka ule nilikuwa nimerudi kwa kaka yangu mkubwa, kijijini upande wa Mvumi, baada ya kuchoka kuuza mitumba Singida na kabla ya kuchoka kufanya kitu kingine mahali pengine. Nilikuja na begi moja, cheti cha kidato cha nne, na sifa ya kujua Kiingereza. Kijijini sifa hiyo ni kama kuwa na baiskeli: kila mtu anakuja kuazima.

Aliyekuja kuniazima alikuwa mwenye mashine ya kusaga. Huyu bwana alikuwa mtoto halali wa soko huria. Ushirika ulipokufa alichukua ghala lake, akaweka injini ya dizeli na kinu, na watu wakaacha kutembea nusu siku kwenda kusaga. Ukutani yale maneno ya zamani ya kuhimiza umoja yalikuwa bado yanasomeka. Chini yake aliongeza kwa mkaa: HAKUNA MKOPO.

Alikuwa amesikia kwamba Dodoma mjini kuna duka la kompyuta ambamo mtu anaweza kununua kitu chochote duniani bila kukiona. Jambo hilo halikumtisha, lilimvutia. Runinga ndogo ya kutumia betri ya gari alikuwa nayo tayari. Alichokosa ni dishi na risiva, na Kombe la Afrika lilikuwa linakaribia.

Tukaenda. Tulikaa wawili kwenye kiti kimoja, kila mtu na nusu yake, tukatazama picha ya risiva nyembamba na pembeni yake familia ya Wazungu kwenye kochi, wote wanacheka.

"Hawa wanacheka nini?" akaniuliza.

"Wameshanunua."

"Mwulize muuzaji kama inakubali betri ya gari. Na mwambie nakaa mbali, asinichezee."

Nikaandika. Tukatoka tukanywa chai, tukarudi, jibu likawa limefika: ndiyo, rafiki yangu, hakuna tatizo.

"Ameniita rafiki," akasema, na uso wake ukalainika. "Basi nunua. Mtu hawezi kumwibia rafiki yake."

Haya aliyasema mtu ambaye bakuli lake la kupimia ujira wa kusaga lilikuwa na kina cha kisima, na aliowapimia wote walikuwa rafiki zake.

Malipo yalipitia kwa mzee mmoja wa duka la vitambaa mjini, wa zile koo zilizokuja na misafara na zikaamua kubaki na biashara. Ndugu yake alikuwa Dubai. Yeye ndiye aliyelipa huko, na mzigo ukaja umefungwa ndani ya robota la khanga. Tulipoufungua tulikuta kila kitu kipo isipokuwa maelezo tunayoweza kuyasoma. Yaliyokuwepo yalikuwa kwa Kichina. Mwenye mashine alinipa mimi niyasome. Nilipomwambia hiki si Kiingereza, alinitazama kama mtu aliyeuziwa baiskeli isiyo na mnyororo.

Dishi tulilizungusha siku kadhaa juu ya bati la ghala. Tulipata kwanza mhubiri wa lugha isiyojulikana, kisha mwanamke aliyekata nyanya kwa kisu kimoja tangu asubuhi hadi jioni, na mwishowe, huku watu wanapiga vigelegele chini, kiwanja cha mpira.

Hapo ndipo likaja suala la moto wa umeme. Nguzo zilikuwa zimepita barabara kuu zikielekea kwa watu wenye umuhimu. Betri aliyokuwa nayo mwenye mashine ilitoka kwenye lori lililokufa, na haikushika chaji hata ya kuwasha taa ya breki. Kwa hiyo alifunga altaneta ya gari, ile inayotoa umeme ikizungushwa, kwenye injini ya mashine kwa mkanda. Injini ikizunguka, runinga iko hai. Injini ikizimwa, picha inanywea mpaka inabaki nukta, na nukta nayo inaaga.

Injini hiyo hakuwa tayari kuiwasha bure, na mtu yeyote angedhani atatoza kiingilio. Lakini mtendaji wa kijiji alikuja mapema, na daftari lake kwapani.

"Kuonyesha video kwa malipo kunataka kibali cha wilaya," akasema.

"Mheshimiwa, nani anaonyesha video? Mimi nasaga," akajibu mwenye mashine. "Mpira unaonekana tu."

Mtendaji akafikiri. "Ukisaga tu, hakuna tatizo."

"Nasaga tu. Atakayeleta nafaka yake, macho ni yake."

Kesho yake mtendaji alikuwa wa kwanza kwenye foleni, na debe la mtama begani.

Ikawa ndiyo sheria. Mechi itaonekana maadamu kuna kitu kinasagwa, na anayetaka kukaa ndani aje na cha kusaga. Sasa, kwetu mwanamume hapeleki nafaka mashineni. Mke wake akiumwa sana, anaifunga kwenye baiskeli na kupita njia ya nyuma, kama anapeleka kitu cha wizi. Mwezi ule walipanga foleni wenyewe mchana kweupe, wazee wa kanisa, wachunga ng'ombe na rungu zao, mpaka fundi wa baiskeli. Wanawake waliokuwa wanatoka kisimani walisimama kuwatazama.

"Shemeji!" mmoja akaniita. "Hongera, umeolewa lini?"

"Usimcheke," akasema mwenzake, "mume wake mkali. Asipopeleka unga atapigwa."

Ndani kulikuwa na moshi, vumbi la unga, na ngurumo ambayo haikuruhusu neno lolote la mtangazaji kusikika. Hilo halikumuumiza mtu. Mtangazaji alikuwa anasema Kifaransa. Kaka yangu ndiye aliyechukua kazi yake, akisimama karibu na runinga na kutangaza kwa mikono: mkono wa kushoto timu ya kijani, wa kulia timu nyeupe, na yote miwili ikigongana ni faulo. Kila baada ya muda mtu alipita na kifua cha shati lake kufuta kioo, maana baada ya dakika chache timu zote zilikuwa nyeupe.

Mechi ni ndefu kuliko debe. Watu walijifunza upesi. Mwanzoni walisema "saga kawaida." Robo fainali ilipofika walikuwa wanasema "saga laini, halafu rudia." Sijapata kuona tena unga laini kiasi kile. Ukiupuliza ulikuwa unaondoka wote.

Mtu mmoja hakucheka kwa muda mrefu, naye alikuwa shemeji yangu, mke wa kaka.

Katika chumba chao cha ndani kulikuwa na kilindo cha gome la mti, kimejaa uwele. Si kujaa kabisa. Mavuno ya mwaka uliopita yalikuwa ya kupapasa. Mvua za kwanza tulikuwa tumezipandia, zikaotesha, kisha zikakatika kama kawaida yake kwetu, na miche ikaanza kujikunja. Shemeji alikuwa ameshapiga hesabu kichwani: uwele wa kilindo, ukichotwa kwa mkono wake, utawafikisha watoto watatu mpaka masuke mapya. Ukichotwa kwa mkono mwingine, hautafika.

Na uwele una tabia yake. Ukiwa nafaka unakaa mwaka na zaidi. Ukishausaga, siku chache tu unaanza kuwa mchungu, na ugali wake unakwaruza koo. Ndiyo maana wanawake wa kwetu husaga kidogo kidogo. Hakuna mwanamume asiyelijua jambo hilo. Ila kulijua na kulikumbuka wakati wa mikwaju ya penati ni vitu viwili tofauti.

Kaka alianza na debe moja, akasema unga umekaribia kwisha. Halafu debe lingine, ili "kumsaidia mama watoto asichoke." Shemeji alipoingia jikoni alikuta viroba vya unga vimeegemea ukuta kama wageni.

"Baba watoto, unga wote huu anakula nani?"

"Tutakula."

"Lini?"

"Si kila siku tunakula?"

Shemeji hakubishana. Alikuwa mwanamke wa kupanga. Jioni ile alitenga sahani mbili za ugali. Moja akaiweka mbele ya watoto, nyingine mbele yetu wanaume wawili, na bakuli la mlenda katikati. Kaka akamega, akachovya, akameza.

"Vipi?" shemeji akauliza.

"Una ladha kidogo."

"Huo ni wa makundi. Mtaumaliza wiki hii. Kisha mtaingia robo fainali."

"Na watoto?"

"Watoto hawajaangalia mpira."

Mimi nilijaribu kujitetea kwamba ni mgeni tu. Akaniambia, "Wewe shemeji ndiye uliyeandika Kiingereza. Kula." Nikala.

Nusu fainali ilipopita, shemeji alihamisha kitanda chake, akakisukuma mpaka kikabana kilindo ukutani, akalala upande huo. Nyumba nyingine nazo zilikuwa zimeanza. Kulikuwa na mke aliyepeleka nafaka yote kwa mama yake Chamwino kwa kisingizio cha msiba, na mwingine aliyeshika ufunguo shingoni pamoja na msalaba wake. Kijiji kizima kiligawanyika, na kwa mara ya kwanza tangu vyama vingi vije, hakuna aliyehitaji kuelezwa upande wake ni upi.

Fainali ilikuwa jioni. Mchana kaka hakutulia. Alitoka, akarudi, akaniuliza kama mahindi mabichi yanasagika. Nilikuwa nimekaa uani nikishona kiatu, nikamwona anaingia jikoni na kigoda.

Juu ya mafiga, kwenye moshi, shemeji alikuwa ametundika masuke makubwa kuliko yote ya mavuno yaliyopita. Hiyo ilikuwa mbegu ya kurudishia. Mvua ikirudi, mbegu hizo ndizo zitakazofukiwa mahali miche ilipokufa. Zisipokuwepo, hakuna mwaka.

Shemeji alifika kutoka shambani kabla sijajua niseme nini. Alisimama mlangoni. Kaka alikuwa juu ya kigoda, mikono yake miwili imeshika kamba.

"Shuka."

"Natazama kama hazijaliwa na panya."

"Panya nimeshamwona. Shuka."

Akashuka. Nilidhani atapiga kelele, hakupiga. Alimtazama tu, na sauti yake ilikuwa ya chini kiasi kwamba nilisikia maneno kwa sababu hapakuwa na upepo.

"Baba watoto, viroba vile nilikuachia. Tumbo langu nalo nimekuachia, unga mchungu ukikuzidi nitaula nawe. Lakini hizi ukizisaga, mwaka huu tutawalisha hawa watoto picha?"

 Nadhani kaka alitaka kusema ni mechi moja tu iliyobaki.  Badala yake akachukua kiroba kimoja cha unga wa nusu fainali, akakibeba begani, akatoka bila kunitazama. Nikamfuata.

Mashineni tuliwakuta wanaume wengine, na kila mmoja alikuwa ameshika unga. Hakukuwa na punje moja ya nafaka.

"Huu umeshasagwa," akasema mwenye mashine.

"Rudia," wakamwambia.

"Mashine haisagi unga, inausumbua."

"Mwenyewe ulisema unasaga tu," mtendaji akamkumbusha. "Atakayeleta, macho ni yake."

Alishindwa na maneno yake. Akawasha. Unga ukaingia kinuni na kutoka kama moshi, chekecheke likaziba, likazibuliwa kwa fimbo, likaziba tena. Dakika tisini zilikwisha bila goli tuliloliona. Muda wa nyongeza ukaisha. Ikawa penati, na wanaume walishikana mikono katika ukungu mweupe, kaka akitangaza kwa kidole kimoja. Mpigaji wa mwisho akauweka mpira, akarudi nyuma hatua zake. Kinu kikabanwa kabisa. Injini ikakohoa, mkanda ukachomoka ukapiga ukuta, na yule mchezaji akanywea mpaka akawa nukta, mguu wake ukiwa bado nyuma.

 Kisha mtu akapiga chafya.

Tulirudi nyumbani weupe kuanzia nywele hadi ndala. Shemeji alitupa maji ya kunawa, hakuuliza nani ameshinda. Hata angeuliza, hatukujua. Hakuna aliyejua. Redio pekee yenye betri nzima ilikuwa ya mchungaji, na hakuna aliyetaka kwenda kumweleza sababu ya kuuliza.

Siku chache baadaye mawingu yakajikusanya upande wa Mpwapwa, na usiku ule mvua ikanyesha ya kulowesha kweli. Alfajiri tulikuwa shambani. Shemeji alikuwa amepukuchua yale masuke na kutia punje kibuyuni. Kaka alitangulia na jembe akichimba vishimo mahali miche ilipokauka, shemeji akamfuata akidondosha punje, nami nyuma nikifukia kwa mguu. Mara mbili kaka alinyoosha mkono amsaidie kubeba kibuyu, na mara mbili shemeji alikihamishia kwenye mkono mwingine.

Jua lilipopanda, mtu wa baiskeli aliyetoka mjini alipita njiani. Alituona, akapiga kengele na kutusalimu kwa Kigogo.

"Mbukwenyi! Mpira wa fainali si mliuona?"

Kaka akainua kichwa, jembe likabaki hewani. Uso wake ulikuwa umefunguka wote.

"Baba watoto," shemeji akasema, akiwa ameinama, kiganja kimejaa mbegu. "Nasubiri shimo."

Kaka akamtazama yule mtu, akatazama mbegu. Kisha akachimba.