Mke wangu aliitwa Mama Subira, na Subira hakuja

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo marahaba hata kama hamjanisalimia.

Ninayoandika ni ya kweli, na mke wangu mwenyewe ameyasoma kabla sijapost. Anayetafuta chai aende jukwaa lingine.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa afisa wa uzazi wa mpango huko mkoani. Kazi yangu ilikuwa kukusanya kina mama na waume zao kwenye madarasa ya shule ya msingi na kuwaeleza faida za kupumzika kuzaa. Serikali ilishakuwa na sera yake ya idadi ya watu, na mimi niliiamini kama dini. Bado naiamini kwa sehemu kubwa, tusije tukagombana kwenye comments.

Wizara ikanipeleka Minneapolis, Marekani, kusomea mambo hayohayo. Nikaenda na mke wangu, Anjela, ndoa bado mbichi.

Darasani profesa akatufundisha kuhusu nchi ambazo watu wamepunguza kuzaa mpaka serikali inawabembeleza. Inawapa likizo, inawapa posho, na bado hawazai.

Mkenya niliyekaa naye akaninong'oneza, "Buda, kwetu gava inatu-beg tupunguze, huku wana-beg waongeze!"

Tulicheka mpaka profesa akatukazia macho. Niliona hayo ni matatizo ya watu wengine.

Sisi tulikuwa na plan. Nimalize digrii kwanza. Nilipomaliza, Anjela akawa ameanza nursing, tukasogeza. Akamaliza, makaratasi ya kuishi yakawa hayajakaa sawa, tukasogeza tena. Ndiyo, wizarani sikurudi, nitukaneni tu.

Hakuna aliyemlazimisha mwenzake. Tulikuwa tunaelewana vizuri sana, na hilo ndilo linaloniuma, maana sina hata wa kumlaumu.

Sasa jina lilivyokuja.

Jumapili moja baada ya ibada ya Kiswahili kule Brooklyn Center, nje kidogo ya Minneapolis, tunakula pilau kwenye basement ya kanisa. Mzee mmoja wa Kitanzania tuliyekuwa tunamwita Mjomba akamuuliza Anjela mbele za watu, "Binti, mbona kimya? Mtoto lini?"

Anjela akajibu kwa heshima, "Subira, Mjomba. Subira."

Mjomba akapiga makofi. "Jamani, jina tumeshalipata! Hongera Mama Subira!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Kuanzia hapo yeye akawa Mama Subira, mimi Baba Subira. Kina mama wakawa wanamtania amlete Subira wamsuke nywele. Hata sisi wenyewe tukazoea. Tukipita madukani Woodbury tukaona kakoti ka baridi ka mtoto, Anjela anasema, "Haka ka Subira." Tunacheka, tunakaacha palepale.

Tulipoacha vidonge vya kupanga uzazi, mimba haikushika. Halafu damu ikaanza kutoka bila mpangilio. Kumbe uvimbe ulikuwa umejaa kwenye kizazi. Vidonge havikuuleta, daktari alitueleza wazi, kwa hiyo msiende kuwatisha dada zenu. Walijaribu njia nyingine, ikashindikana, na mke wangu akawa anazidi kuishiwa damu.

Nikampigia mama mkwe Korogwe, kwa jirani mwenye simu. Anjela ni mtoto wake pekee. Neno kizazi nilikuwa nimelihubiri kila mkutano: kizazi kijacho, kizazi chenye afya. Siku ile nililitamka kwa maana yake nyingine.

"Mama, watamtoa kizazi."

"Chote?"

"Chote, mama."

"Basi na mimi nimeishia hapo, baba."

Tuliporudi kanisani baada ya upasuaji, theluji ilikuwa bado haijayeyuka. Watu walishaambiana. Walimkumbatia, walituletea chakula mpaka friji ikajaa, na ninawashukuru. Lakini hakuna aliyesema Mama Subira. Mjomba mwenyewe alimshika mkono akasema, "Pole sana, Anjela," macho yake yako chini. Ni kama walikuwa wamekubaliana mlangoni.

Mimi niliona wamefanya uungwana.

Kwenye gari Anjela alilia kuliko alivyolia hospitali. "Wamemzika Subira bila kuniambia," akasema.

Nikaendelea kuendesha. Wakuu, nilikuwa nimesomea idadi ya watu, na nilikuwa sijui nimfarijije mtu mmoja.

Siku hizi nasikia watu wanabishana kama serikali iwaambie watu wazae au wasizae. Bishaneni, lakini ninyi ambao mnasogeza, nendeni mkapimwe mapema, mjue mnasogeza nini. Na mkimpa mtu jina, msimnyang'anye kimyakimya kwa kumhurumia. Muulizeni kwanza.

Mimi bado namwita hivyo tukiwa wawili. Juzi yuko jikoni nikamwita, "Mama Subira!"

"Abee," akaitika, akaja mpaka mlangoni, akasimama akingoja kusikia nimemwitia nini.

Nilitaka tu kulitamka jina.

Haya, uwanja ni wenu. Mlio kwenye hali kama yetu, nyumbani mnaitanaje?