Korti ilinirudisha chuoni, mwenzangu akabaki nje

Wakuu, salaam kwenu. Haya yamenikuta mwenyewe, siongezi chumvi. Chuo sitakitaja, na jina la rafiki yangu nimelibadilisha.

Mimi ni wa Msambweni, Bakari ni wa Bodo. Tulikuwa room moja kwenye hosteli ya chuo cha umma.

Maji ya hosteli yalikuwa yananuka na wanafunzi wakiumwa matumbo. Tulilalamika ofisini, tukaambiwa tunazusha. Basi Bakari akarekodi video ya tangi, mimi nikaandika maneno, tukapost.

Ikasambaa. Tukaitwa mbele ya kamati ya nidhamu, tukaambiwa tumechafua jina la chuo. Tukasimamishwa masomo sote wawili.

Nikapata wakili wa kujitolea. Alisema haki ya kusema iko kwenye katiba, akatutaka sote twende kortini.

Baba yake Bakari hakutaka. Nilikwenda Bodo, nikampa shikamoo, nikamweleza taratibu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, mwenye nguvu mpishe. Huyu ataomba radhi, arudi asome."

Sikumlaumu. Katika ukoo wao, hakuna aliyewahi kufika chuo kabla ya Bakari.

Nilishtaki peke yangu. Bakari akaenda kuomba radhi.

Hapa ndipo panaponiuma, wakuu. Kamati ilisema kama ameomba radhi basi amekiri kosa. Wakamfukuza kabisa.

Akapata kazi ya security kwenye villa moja Diani. Kesi yangu nayo ikawa inaahirishwa tu.

Hukumu ilisomwa online. Tulikaa mkahawani Kona ya Musa na simu yangu, earphone moja sikioni mwangu, nyingine mwake. Alikuwa ametoka shift, bado ana uniform.

Jaji alisema kulalamikia maji si utovu wa nidhamu, na mwanafunzi ni mwananchi kama wengine. Akaamuru nirudishwe darasani.

Bakari alinishika mkono, akasema alhamdulillahi. Kisha akauliza polepole, "Na mimi amenitaja?"

Nilimpigia wakili palepale. Akasema amri inamhusu aliyeshtaki tu. Bakari anaweza kufungua kesi yake, ila ile radhi aliyoomba itamlemea.

Nimerudi darasani. Tangi limebadilishwa. Lakini furaha ya kushinda sijaiona bado.

Nilichojifunza ni kwamba haki ya korti haimfuati mtu nyumbani kwake. Na kuomba radhi kwa kosa usilolifanya hakukuokoi, kunampa mwenye nguvu ushahidi.

Juzi nilimfuata Diani nikamwambia wakili yuko tayari kumsaidia. Akasema, "Mzee ameshazoea kuniona nafanya kazi. Nitamwambia nini tena?"

Gari likapiga honi. Akaniomba samahani, akaenda kufungua geti.

Wanasheria mliomo humu, na yeyote aliyewahi kupitia haya: mngemshauri vipi? Nitamsomea majibu yenu.